Chuma kisubiri: kijana aliyevunjika paja kwa kuruka mtaro

SWALI

Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Wiki mbili zilizopita aliruka mtaro tu, akatua kwa mguu wa kushoto, tukasikia mlio kama kijiti kikavu. Paja limevunjika juu kidogo ya goti. Hospitali ya wilaya walipanga kumwekea chuma siku ya Jumatano. Jumanne jioni akapita daktari mwingine, akaiangalia picha, akasema hapana, mfupa huu ulikuwa mgonjwa kabla haujavunjika, aende hospitali ya rufaa akachukuliwe kinyama cha kupimwa kwanza. Kwenye karatasi ameandika mfupa umeliwa na kingo hazieleweki. Kweli mguu ulikuwa unamuuma kama miezi miwili, tukadhani ni mpira. Sasa nyumbani hatuelewani. Baba mkubwa anasema uvimbe ukiguswa na kisu ndiyo unaamka na kusambaa. Bibi ameshampata fundi wa mifupa. Mimi nauliza: kwa nini wasimwekee chuma apone, hayo mengine yafuate? Na je, kinyama kinasambaza ugonjwa? Tumepewa tarehe ya Jumatatu. Dogo mwenyewe anaogopa, siku hizi haongei.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mfikishie dogo pole yangu. Umeuliza mambo mawili na nitayajibu yote, lakini kwa kuwa Jumatatu iko karibu nianze na la kufanya: nendeni. Chuma kisubiri, fundi wa mifupa asubiri, na mguu usikandwe wala kukanyagiwa mpaka mjue jina la kitu kilichomo ndani ya huo mfupa. Daktari aliyeisimamisha operesheni Jumanne jioni huenda amewaokolea mguu, na pengine zaidi ya mguu.

Sasa nieleze sababu, maana naona nyumbani kwenu kuna wazee wa kuridhishwa, na hawataridhika kwa kuambiwa tu kwamba daktari kasema.

Fupa la paja ndilo refu na imara kuliko mifupa yote ya mwili. Kijana mzima wa miaka 15 hulivunja kwa ajali ya bodaboda, au kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe. Kuruka mtaro hakutoshi. Mfupa unapovunjika kwa jambo dogo namna hiyo, sisi tunauchukulia mvunjiko wenyewe kuwa dalili ya ugonjwa uliotangulia, na swali la kwanza tunalouliza halihitaji mashine wala hela: pale palipovunjika, palikuwa panauma kabla? Wewe umelijibu bila kuulizwa. Miezi miwili. Ningependa pia kujua kama maumivu yalikuwa yakimwamsha usiku, kama yalikuwepo hata siku ambazo hakugusa mpira, na kama kuna aliyeona goti limejaa upande mmoja. Maumivu ya mpira hupungua mtu akipumzika. Ya uvimbe wa mfupa huendelea hata akiwa amelala, na wiki hadi wiki yanazidi.

Huenda mnajilaumu kwamba mngempeleka mapema. Msijiumize. Eksirei huanza kuonyesha shimo pale tu ambapo mfupa umeshapoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake mahali hapo. Nimewahudumia watoto waliopigwa picha katika wiki za mwanzo za maumivu, ikaonekana safi, wakapewa dawa ya kutuliza, kisha wakarudi wamevunjika. Tena saratani zinazoanzia kwenye mfupa wenyewe ni adimu, hazifiki hata asilimia 1 ya saratani zote. Daktari wa wilaya anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na hata moja, ilhali miguu iliyoumizwa na mpira anaiona kila wiki. Ndiyo maana wenzake walishapanga chuma. Sioni wa kumlaumu hapo. Ninachokiona ni mtu mmoja aliyeichukua picha akaiangalia mara ya pili.

Aliona nini? Mimi picha kama hiyo naiweka kwenye kisanduku cha taa, au umeme ukikatika naipeleka dirishani, na kabla ya yote naufunika mstari wa kuvunjika kwa kidole gumba. Nafanya hivyo makusudi. Mvunjiko huvuta jicho, na jicho likishatua hapo halitazami tena kando yake. Nikishaufunika najiuliza maswali manne ambayo wapasuaji wa mifupa wengi tumeyarithi kwa William Enneking, aliyefundisha Florida kule Marekani: kitu hiki kiko wapi, kinaufanya nini mfupa, mfupa nao unakijibu vipi, na ndani yake kuna nini.

Mahali peke yake ni nusu ya jibu. Juu kidogo ya goti ndipo paja linaporefukia zaidi, na kijana wa miaka 15 yuko katika kurefuka kwenyewe. Osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata vijana kuliko nyingine, hupenda hasa sehemu hizo zinazokua kwa kasi: paja juu ya goti, muundi chini ya goti, na mfupa wa mkono karibu na bega. Uvimbe wa seli kubwa, ambao kwa kawaida si saratani ingawa hula mfupa vibaya, humpata zaidi mtu wa miaka 20 hadi 40 aliyeshamaliza kukua, nao hufika hadi mwisho kabisa wa mfupa, chini ya gegedu la kiungo. Sakoma ya Ewing, nayo saratani ya mfupa, iliyoelezwa na daktari James Ewing wa New York mwaka 1921, huonekana mara nyingi katikati ya mifupa mirefu na kwenye nyonga, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra sana.

Swali la pili ndilo lililojibiwa na karatasi yenu. Kitu kinachokua polepole huacha ukingo mweupe, safi, kama mtu amekizungushia kalamu. Mfupa umepata muda wa kujijengea ukuta. Kinachokua kwa haraka hakiachi ukingo. Mfupa unaonekana kama kanga iliyoliwa na wadudu sandukuni, vitundu vidogo vinavyozidi kupungua mpaka huwezi kusema hapa ndipo ugonjwa ulipoishia. "Kingo hazieleweki" ni maneno mawili tu, lakini nikiyasoma kwenye karatasi ya mtoto naacha kila kitu kingine.

Kisha natazama jibu la mfupa. Utando unaoufunika mfupa kwa nje, ukisukumwa na kitu kutoka ndani, huweka mfupa mpya. Ukisukumwa taratibu huweka tabaka moja nene. Ukisukumwa kwa nguvu hupandishwa kama pembe ya hema, au huweka vijiti vyembamba vinavyochomoza kama miale ya jua, au matabaka juu ya matabaka kama kitunguu. Na ndani huenda kukawa na mawingu meupe ya mfupa mchanga usio na mpangilio, au ukungu laini kama kioo kilichopuliziwa pumzi, au maji matupu.

Hapo kwenye maji nisimame kidogo, kwa sababu si kila mfupa mgonjwa uliovunjika una saratani, na dogo anahitaji kulisikia hilo. Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka tisa aliyevunjika mkono karibu na bega kwa kurusha jiwe kwenye embe. Picha ilionyesha shimo kubwa la duara refu, kingo safi, na chini kabisa ya shimo kipande chembamba cha mfupa kimelala peke yake kama jani lililodondoka kisimani. Kile kipande kilikuwa jibu. Kingekuwa ndani ya nyama ya uvimbe kisingeanguka. Kimeanguka kwa sababu humo mna maji, na shimo la maji kwenye bega la mtoto ni uvimbe wa maji wa kawaida ambao hauui mtu. Tulimfunga kitambaa shingoni, tukamfuatilia kwa picha, hatukumkata popote. Mama yake alilia kwa furaha kwenye kiti cha kliniki, nami nilikaa naye mpaka akamaliza.

Upo na uvimbe wa damu, wenye vyumba vyumba. Kwenye MRI, picha ya mashine ya sumaku, unaona ndani ya kila chumba damu imejitenga, nzito chini na nyepesi juu, kama chupa ya maabara iliyoachwa mezani. Huo kwa kawaida si saratani, lakini ipo aina ya osteosakoma inayofanana nao kiasi cha kudanganya, kwa hiyo hatuuamini kwa macho, tunaupima. Upo ugonjwa ambao sehemu ya mfupa hugeuka kuwa nyuzinyuzi na paja likapinda kama bakora. Na upo ule wa vifupa vya vidole: mtu anafungua tu mlango, kidole kinavunjika, ndani kuna gegedu lililosahaulika humo tangu utotoni. Yote hayo yana tiba zake, na mengi hayahitaji haraka.

Kwa upande wetu wa dunia lipo jambo moja zaidi, nalo nataka ulishike: maambukizi ya mfupa. Usaha ndani ya mfupa ni ugonjwa wa kila siku kwa watoto wetu, na unaweza kuula mfupa, kufuta kingo, kuweka matabaka ya kitunguu na kupandisha homa, sawasawa na sakoma ya Ewing. Kifua kikuu cha mifupa nacho kinajificha hivyo hivyo. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa na mfupa uliokufa kwa kukosa damu, ukaingiwa na bakteria, na picha yake ikamtisha hata daktari mzoefu. Kama dogo hajawahi kupimwa selimundu, ombeni apimwe, na kama katika familia wapo wenye ugonjwa huo semeni hata kabla ya kuulizwa. Mitego huenda pande zote mbili: nimeona usaha ukiitwa saratani, na nimeona saratani ikisafishwa miezi mitatu kama kidonda cha usaha. Ndiyo maana kinyama kikichukuliwa, sehemu yake moja huenda kwa mwanapatholojia, daktari anayesoma vipande kwa hadubini, na nyingine huoteshwa maabara kutafuta wadudu. Hiyo ya kuotesha haiwekwi kwenye fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia vipande, kwa kuwa fomalini huua wadudu na jibu likarudi tupu. Linaonekana dogo, lakini huharibika mara nyingi.

Kipimo kingine cha bei ndogo ambacho watu hukisahau ni kalisiamu ya damu. Tezi ndogo nne zilizo nyuma ya tezi ya shingo zikifanya kazi kupita kiasi, hunyonya madini ya mifupa, na mahali pamoja pamoja hutokea mashimo ambayo chini ya hadubini yanafanana kabisa na uvimbe wa seli kubwa. Aliyesahau kupima kalisiamu anaweza kumkata mtu mfupa kwa ugonjwa ulioko shingoni. Kuna pia vimeng'enya viwili, alkalini fosfatezi na LDH, ambavyo hupanda kwenye osteosakoma. Msishtuke mkiona cha kwanza kiko juu peke yake, kwa kijana anayekua huwa juu hata akiwa mzima.

Kwa watu wazima hesabu ni nyingine kabisa, nami naipita haraka kwa kuwa haimhusu dogo. Mtu wa zaidi ya miaka 40 akivunjika kwa jambo dogo, kwanza tunatafuta saratani iliyotoka kwingine, kama vile titi, tezi dume, pafu, figo au tezi ya shingo, pamoja na mayeloma, saratani inayoanzia kwenye uboho. Huko hata mfupa ambao haujavunjika tunaweza kuuwahi kwa chuma, kwa kutumia alama alizozitoa daktari Mirels mwaka 1989: mahali, maumivu, ukubwa na sura ya shimo, kila kimoja alama 1 hadi 3, na ikifika 9 kati ya 12 tunauimarisha kabla haujakatika. Baba mkubwa akiwa amewahi kuona mgonjwa wa namna hiyo akiwekewa chuma mara moja, usishangae. Ugonjwa wake ulikuwa umeshajulikana jina.

Turudi kwa dogo na swali lako la kwanza. Kwa nini asiwekewe chuma, mengine yafuate?

Chuma cha paja, kile kirefu, hakibandikwi kwa nje. Tunatoboa tundu mwisho mmoja wa mfupa, tunaingiza keekee nyembamba ndani ya uboho, kisha nene zaidi, kisha nene zaidi, kutoka nyonga hadi goti, ili kupanua njia. Halafu ndipo chuma kinasukumwa. Kwa mfupa mzima uliovunjika kwa ajali ni tiba nzuri mno, na nimeifanya mara nyingi. Sasa weka uvimbe njiani. Kile kilichokuwa mahali pamoja juu ya goti kinasagwa na kusambazwa mfupa mzima, kinapita nyama za nyonga ambako tundu lilianzia, na vingine vinaingia kwenye mishipa ya damu. Ugonjwa uliokuwa sentimita chache unakuwa wa paja lote kwa saa moja ya kazi safi iliyofanywa kwa nia njema.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kumwona kijana wa miaka 19 aliyewekewa chuma cha namna hiyo miezi mitano nyuma, kwingine. Alisimulia kwamba alivunjika akiwa anashuka ngazi. Nilimwuliza lile swali langu la kwanza, akasema ndiyo, paja lilikuwa linamwuma tangu kabla ya mitihani. Hakuna aliyekuwa amemwuliza, na ule unga wa mfupa uliotoka kwenye keekee haukupelekwa popote kupimwa. Paja lilikuwa limevimba kutoka goti hadi kinena, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Ilibidi mguu utolewe kwenye kiungo cha nyonga. Nikikuambia chuma kisubiri, yeye ndiye ninayemkumbuka.

Swali la pili, la baba mkubwa. Naomba umjibu kwa heshima, maana alichokiona ni kweli kabisa. Wapo watu waliokatwa kinyama, na baada ya hapo ugonjwa ukaenda mbio. Penye kosa ni sababu. Wengi wao walifika ugonjwa ukiwa umeshakimbia, na kisu kikalaumiwa kwa kuwa ndicho kilichoonekana. Lakini wachache waliharibiwa kweli na kinyama kilichochukuliwa vibaya, na sisi madaktari tulilipima hilo wenyewe. Mwaka 1982 mpasuaji wa mifupa Henry Mankin wa Boston na wenzake walikusanya wagonjwa 329 waliochukuliwa vinyama vya uvimbe wa mifupa na nyama. Karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa amepewa jibu lenye kosa kubwa, na wagonjwa 15 walikatwa kiungo ambacho kisingekatwa kama kinyama kingechukuliwa vizuri. Wakarudia mwaka 1996 kwa wagonjwa 597, hesabu ikatoka karibu ile ile: 18 walipoteza viungo bila ulazima. Tofauti kubwa ilikuwa ni nani aliyechukua. Kinyama kilipochukuliwa hospitali ya kwanza kabla ya rufaa, makosa na madhara yalikuwa mara 2 hadi 12 zaidi kuliko kilipochukuliwa pale pale ambako mgonjwa angetibiwa.

Hilo ndilo la kumwambia baba mkubwa: hofu yake inamalizwa na mkono unaochukua kinyama. Achukue yule atakayefanya operesheni ya mwisho, au aliyekaa naye wakakubaliana njia ya kupita. Njia ile, iwe ya sindano nene au ya mkato mfupi, huhesabiwa kuwa imeshachafuliwa, na siku ya operesheni kubwa hutolewa pamoja na uvimbe. Kwa hiyo mkato unafuata urefu wa mguu. Ukikatwa kwa kuuzunguka mguu kama bangili, hakuna namna ya kuutoa bila kutoa nyama nyingi. Haupiti ndani ya kiungo cha goti, haukaribii mshipa mkubwa wa damu, na damu inazuiwa isivuje kwenye nyama za jirani. Na MRI ya paja zima hupigwa kabla ya kinyama, kwa kuwa kinyama hubadilisha picha, na kwa kuwa wakati mwingine kuna kipande cha pili cha ugonjwa juu zaidi kwenye mfupa ule ule. Kifua nacho kipigwe picha ya CT, maana osteosakoma ikihama, mapafu ndiyo inayoyafikia kwanza mara nyingi.

Kwa mfupa uliovunjika kuna mtego mmoja wa ziada. Dogo ana wiki mbili tangu avunjike. Mwili wake umeshaanza kujiunga, na mfupa mchanga wa kuunga, chini ya hadubini, una seli nyingi zinazogawanyika kwa haraka na mfupa usio na mpangilio. Mwanapatholojia akiletewa kipande hicho bila kuambiwa kwamba kuna mvunjiko, anaweza kuandika osteosakoma mahali ambapo hakuna. Au akaletewa damu iliyoganda tu ya pale palipokatika, akaandika hakuna ugonjwa. Mpasuaji mzoefu hulenga ukingo laini wa uvimbe, mbali kiasi na mstari wa kuvunjika, na kwenye fomu huandika tarehe ya kuvunjika na kumwambatishia mwenzake picha. Jibu la mfupa halitolewi na mtu mmoja. Anayesoma picha, anayesoma hadubini na anayeshika kisu wanatakiwa wakubaliane, na wasipokubaliana kinyama kinarudiwa. Mkiambiwa kinarudiwa msikasirike, ni dalili kwamba kuna mtu yuko makini.

Mtasubiri. Kipande chenye mfupa mgumu lazima kilainishwe kwa asidi siku kadhaa kabla ya kukatwa vipande vyembamba, kwa hiyo wiki mbili au tatu za kungoja zisiwafanye mkimbilie kwingine. Wakati huo mguu unatulizwa kwa hogo la nusu au kwa kuvutwa kwa uzito uliobandikwa kwenye ngozi, bila kutoboa pini karibu na uvimbe. Apewe dawa za maumivu za kutosha. Mtoto anayelala vizuri hutulia hata hospitalini.

Na fundi wa mifupa? Bibi anampenda mjukuu wake, na yawezekana huyo fundi ameshaunga mikono mingi kijijini. Lakini kazi yake ni kuchua, kunyoosha na kufunga kwa nguvu, na kila moja ya hizo kwenye uvimbe huleta damu zaidi, huusukuma ugonjwa kwenye nyama na kuiba wiki ambazo dogo hana za kutoa. Mwambie bibi kwamba mfupa huu ni mgonjwa, na mpaka ugonjwa utibiwe hauna cha kuungwa. Mpeni kazi nyingine, aende naye hospitali, akae kitandani kwake. Nimeona vijana waliomaliza tiba kwa sababu ya bibi aliyekuwa anakuja na uji kila asubuhi.

Ikiwa jibu litakuwa osteosakoma, nisikufiche, itakuwa safari ndefu. Kabla ya miaka ya 1970 tiba ilikuwa kuukata mguu tu, na waliopona walikuwa chini ya mmoja kati ya watano, kwa kuwa chembe zilikuwa zimeshafika mapafuni kabla ya kisu. Tibakemikali ndiyo iliyobadilisha mambo. Leo, pale ambapo tiba yote inapatikana na ugonjwa haujasambaa, karibu wawili kati ya watatu huishi. Dawa ni doksorubisini na sisplatini, na mara nyingine metotreksati ya dozi kubwa, ambayo inahitaji maabara ya kupima kiwango chake kwenye damu, kwa hiyo si kila hospitali huitoa. Kwa kawaida huanza kama wiki kumi za dawa, ikifuata operesheni, halafu dawa tena. Kuvunjika hakumaanishi moja kwa moja kwamba mguu utakatwa. Wengine uvimbe husinyaa, mvunjiko hushika wakati wa dawa, na mguu huokolewa. Kwa wengine kuukata ndiyo njia salama, na akifika hapo anahitaji kuelezwa ukweli mapema na kuonyeshwa mtu anayetembea na mguu bandia.

Kwa Tanzania, wataalamu wa kazi hii mtawapata Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa upasuaji na Ocean Road kwa saratani, na kanda zina KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Mkikwama gharama, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, msingoje deni likue.

Jumatatu bebeni filamu zenyewe au sidii, pamoja na karatasi ya yule daktari. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu hupoteza zile kingo ninazozisema. Kama mna eksirei ya zamani ya mguu huo, hata ya mwaka juzi, nayo ije. Andikeni kwenye karatasi tarehe aliyovunjika na dawa zote alizotumia, za hospitali na za nyumbani.

Halafu dogo. Umesema haongei. Kijana wa miaka 15 anasikia kila kitu kinachonong'onwa sebuleni, na anayoyajaza mwenyewe kichwani huwa mabaya kuliko ukweli. Mwambie mfupa wake una ugonjwa ambao bado haujapewa jina, kwamba majina yanayowezekana ni mengi na mengine si saratani, na kwamba Jumatatu wanakwenda kuanza kulitafuta. Mwambie pia kwamba daktari atauliza maumivu yalianza lini, usiku au mchana, juu ya goti au chini. Ninyi nyote mtataka kujibu. Mwacheni ajibu mwenyewe, ndiye aliyekuwa nayo hiyo miezi miwili.